Trekta Limekufa: Ulitengeneze, Uliuze Lilivyo, au Ulichinje Spea?

Simu huingia jioni. Wewe uko Tabata au Mbezi, trekta liko Ruvu, Mkuranga au Dakawa, na dereva anasema, "Bosi, injini imenoki." Kesho yake fundi anataja makisio ya matengenezo, dalali naye ameshapata habari na anataja bei ya kununua, na wote wawili wanataka jibu leo. Usiwape jibu leo. Hasara kubwa hutokea ndani ya wiki hiyo ya kwanza: trekta linafunguliwa kabla mwenyewe hajajua anataka kulifanyia nini, hela inakata katikati, na mwisho linauzwa likiwa vipande ndani ya viroba.

Njia zilizopo ni tatu: kulitengeneza, kuliuza lilivyo, au kulichinja na kuuza spea moja moja. Mifano mingi hapa ni ya Massey Ferguson 240, 290, 375 na 385, kwa kuwa ndizo zinazoonekana zaidi mashambani kwetu. Pale ambapo trekta la aina nyingine hubadilisha hesabu, tutasema.

Vigezo vya kulinganishia

*Pesa.* Wengi hulinganisha gharama ya matengenezo na bei waliyonunulia trekta. Hiyo bei imeshaondoka, haina kazi tena. Tafuta namba mbili: trekta kama lako likiwa linatembea na kulima linauzwaje leo, na lako lilivyo sasa linauzwaje. Tofauti ya hizo mbili ndiyo kikomo chako cha matengenezo. Tuseme, kwa mfano tu na si kama bei ya soko, kwamba likiwa zima lina thamani ya milioni 26 na lilivyo sasa utapewa milioni 9. Kikomo ni milioni 17. Fundi akikisia milioni 9, ongeza theluthi moja ya yatakayofichuka likifunguliwa, ufike milioni 12. Bado kuna nafasi. Akikisia milioni 14, ukiongeza theluthi umeshapita 18, na hapo unalipia kazi kuliko thamani itakayoongezeka.

*Muda na msimu.* Ukanda wa Pwani una vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Trekta linalopona wiki tatu baada ya watu kumaliza kulima limekukosesha mapato ya msimu mzima, hata kama fundi alifanya kazi safi.

*Spea.* Je, zipo Kariakoo na Gerezani, au lazima ziagizwe nje?

*Karatasi.* Kadi iko kwa jina la nani, na namba za chasisi na injini zinalingana na zilizoandikwa?

*Ekari.* Hiki husahaulika kuliko vyote. Trekta la nguvu farasi 75 hadi 85 lenye plau ya sahani tatu hulima takriban ekari sita hadi nane kwa siku, shamba likiwa halina visiki na unyevu ukiwa wa kutosha. Mwenye ekari zake 20 ana kazi ya siku tatu au nne za kulima. Huyo akikodi kwa ekari anaweza kupumua vizuri kuliko kumiliki. Mwenye ekari 150, au anayelimia watu kwa malipo, yuko kwenye hesabu nyingine kabisa.

Pima kabla hujafungua

Vigezo hivyo havina maana kama hujui kilichokufa ni nini. Vipimo vifuatavyo vinamaliza siku moja ya fundi, na trekta linabaki limefungwa.

Weka gia huru, ng'oa nozo zote (vipulizia dizeli), kisha zungusha krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) kwa spana kubwa kwenye boliti ya puli ya mbele. Ikizunguka vizuri bila nozo ilhali mwanzo ilikataa, huenda maji au dizeli imejaa juu ya pistoni. Angalia kama kuna kinachoruka kwenye matundu. Ikigoma kabisa, pistoni imekamata kwenye sleevu (ganda la silinda) au beringi imeng'ang'ania krenki. Ikizunguka halafu ikagota mahali pale pale kila mara, kuna kitu kimevunjika ndani: valvu, konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki), au jino la gia za mbele.

Mwaga oili ya injini kwenye beseni safi, uiache itulie, kisha pitisha sumaku. Vipande vinavyonaswa ni vya chuma: ringi, gia, valvu. Vumbi linalong'aa kama fedha au shaba ambalo sumaku hailigusi mara nyingi ni beringi zilizolika, au pistoni, maana zile ni aluminiamu. Kata filta ya oili, ikunjue karatasi yake uiangalie juani. Oili iliyogeuka kama chai ya maziwa imeingiliwa na maji: gasketi ya hedi (kifuniko cha juu cha injini), hedi yenye ufa, au sleevu.

Fanya hivyo hivyo kwenye giaboksi. Ute mweusi laini kwenye tapu ya chini ni wa kawaida. Kipande chenye umbo la jino si cha kawaida. Ila oili ya giaboksi kuwa nyeupe si lazima iwe msiba. Mara nyingi maji ya mvua yameingia kupitia mpira uliopasuka kwenye mguu wa gia. Halafu inua magurudumu ya nyuma kwa jeki, weka magogo imara chini ya ekseli, uzungushe kwa mkono ukisikiliza difu (gia za ekseli ya nyuma). Malizia kwa kufuta vumbi kwenye bloku (mwili wa injini) na kwenye nyumba ya klachi, ukitafuta ufa au tundu. Trekta halina fremu ya kubeba injini kama lori. Bloku, nyumba ya klachi na giaboksi zenyewe ndizo uti wa mgongo. Ufa hapo ni jambo zito.

Andika matokeo na upige picha. Karatasi hiyo itakufaa kwa njia yoyote utakayochukua.

Njia ya kwanza: kulitengeneza

*Pesa.* Kuna ngazi, na bei hupanda kwa kuruka. Ngazi ya chini ni gasketi ya hedi, kusawazisha hedi, kusaga valvu na kupima nozo. Inayofuata ni ovaholi kamili: sleevu, pistoni, ringi, beringi za meni na za konrodi, washa za kuzuia krenki isicheze mbele na nyuma, pampu ya oili, seti ya gasketi, na pampu ya dizeli kupelekwa kwenye benchi kupimwa. Ya juu kabisa ni krenki iliyovunjika au bloku iliyotobolewa na konrodi.

Krenki ndiyo inayoamua mambo mengi. Ikichimbika, hupelekwa kukerezwa na kufungwa beringi nene zaidi: saizi ya 10, 20 au 30, yaani elfu za inchi, sawa na milimita 0.25, 0.50 na 0.75. Ikiwa tayari iko 30, imefika mwisho. Muulize anayekereza swali moja ambalo wateja wengi hawaliulizi: hii krenki ilikazwa uso wake kiwandani? Krenki za baadhi ya injini za Perkins 4.236 na 4.248, ambazo ndizo za nyingi ya Massey hizi, zilipitishwa kwenye matibabu ya kukaza uso. Zikichongwa na kurudishwa bila kukazwa upya huweza kulika mapema, na lawama humwangukia muuza beringi.

Halafu kuna gharama zisizotajwa kwenye makisio. Giaboksi ikifunguliwa, oili yote inamwagwa, na kwa matrekta haya ni lita 30 hadi 45 kulingana na modeli, kwa kuwa oili hiyo hiyo ndiyo inayonyanyua haidroliki. Wakati trekta limekatwa katikati, klachi pleti, beringi ya klachi na sili ya krenki ya nyuma zibadilishwe hapo hapo zikiwa zimechoka. Kulikata tena miezi minne baadaye kwa ajili ya sili ndogo ni kulipa kazi ile ile mara mbili.

Na kuna njia ya mkato: injini ya mtumba. Perkins 4.236 ilifungwa kwenye vitu vingi, kuanzia foklifti hadi kompresa, kwa hiyo hupatikana. Lakini ya trekta ina sampu (karai la oili chini ya injini) nzito ya chuma cha kusubu, maana sampu hiyo inasaidia kubeba trekta. Ya foklifti inaweza kuja na sampu ya bati, bamba la nyuma tofauti na flaiwili tofauti. Usilipe kabla hujapeleka vipimo na picha za injini yako ya zamani, na usikubali fundi aache sampu ya bati "kwa muda".

*Muda.* Spea zote zikiwa mkononi na hela ikiwepo, ovaholi huchukua wiki mbili hadi nne. Linalokula muda ni foleni ya wakereza na kusubiri spea moja iliyokosekana. Usilisafirishe trekta zima kwa lobedi kuja Dar kama shida ni injini peke yake. Liache shambani chini ya paa. Bloku, hedi, krenki na pampu vinatosha kwenye pikapu. Ukilikata katikati, gonga kabari za mbao pande zote mbili kati ya ekseli ya mbele na kishikio chake kwanza. Ekseli hiyo inacheza kama mzani, na nusu ya mbele isipofungwa kabari huanguka ubavu. Watu wamevunjika miguu hivyo.

*Hatari.* Kubwa kuliko zote ni kutengeneza kilichokufa na kuacha kilichokiua. Ringi zilizoliwa na vumbi zina chanzo: mpira wa hewa uliopasuka, au chujio la hewa la oili ambalo halijasafishwa tangu msimu uliopita. Injini iliyochemka ina chanzo: rejeta iliyojaa nyasi, feni legevu, maji ya kisima yaliyojaza kutu. Usipokiondoa, sleevu mpya zitaliwa kama zile za zamani. Hatari nyingine ni spea feki, hasa beringi na ringi. Nunua mwenyewe au nenda na fundi dukani, dai risiti, na spea zilizotolewa zirudi kwako zote ndani ya ndoo. Mlipe fundi kwa hatua: kufungua, kufunga, na kiasi cha mwisho baada ya trekta kulima siku nzima shambani, si baada ya kunguruma gereji.

*Karatasi.* Haziguswi, isipokuwa ukibadilisha injini au bloku. Hapo namba ya injini haitalingana na kadi, na inabidi ipelekwe TRA (Mamlaka ya Mapato) kurekebishwa. Ukiliacha hivyo, siku ya kuuza mnunuzi makini ataondoka.

*Linamfaa nani.* Mwenye ekari nyingi au biashara ya kulimia watu, mwenye modeli ambayo spea zake zimejaa, na mwenye hela yote mkononi kabla ya boliti ya kwanza kulegezwa. Massey Ferguson zina bahati kwa sababu modeli hizi ziliendelea kutengenezwa kwa leseni Pakistan na kampuni ya Millat, na TAFE ya India nayo hutengeneza matrekta ya jina hilo. Ndiyo maana spea ni rahisi kupata. Farmtrac na New Holland zilizoingia kwa wingi kupitia SUMA JKT, shirika la uzalishaji mali la Jeshi la Kujenga Taifa, enzi za kampeni ya Kilimo Kwanza nazo zina wenzao wengi nchini. Kubota na Yanmar ndogo za mtumba kutoka Japani ni habari tofauti: nyingi zilitengenezwa kwa soko la ndani la Japani, na gasketi ya hedi peke yake inaweza kukusubirisha mpaka mvua ikatike.

Njia ya pili: kuliuza lilivyo

*Pesa.* Mnunuzi hulipa kwa anachokiona na kukata kwa asichokiona. Ukimwambia "injini mbovu" basi, atachukulia krenki imekufa, giaboksi imekufa na difu imekufa, kisha ataje bei ya skrepa. Ukimwonyesha karatasi ya vipimo, oili ndani ya chupa, magurudumu yanayozunguka bila kelele, na video ya zamani ya trekta likinyanyua plau, anabaki na shaka moja tu.

Mambo mawili huharibu bei hapa. La kwanza ni kulifungua injini na kuliacha wazi. Mtu hanunui injini iliyo kwenye viroba kwa bei ya injini, kwani hajui kipi kimepotea. La pili ni kung'oa tairi na kuziuza kwanza kwa kuwa zina mteja wa haraka. Trekta lisilo na tairi haliwezi kuvutwa wala kupakiwa bila winchi, na gharama hiyo inakatwa kwako. Plau, haro na tela ni kinyume chake: viuze peke yake. Ni vizima, na vikiungwa na trekta lililokufa dalali huvihesabu kama nyongeza ya bure.

*Muda.* Siku chache hadi wiki kadhaa. Julai hadi Septemba ni kipindi kizuri, kwa sababu fundi au mkulima anayelinunua bado ana nafasi ya kulifufua kabla ya vuli. Mvua ikishaanza, wenye hela wanatafuta trekta linalotembea.

*Hatari.* Ni ndogo kuliko njia nyingine, ila usimwachie mnunuzi trekta pamoja na kadi yenye jina lako kwa ahadi kwamba "tutabadilisha baadaye". Likifufuliwa na kugonga mtu barabarani, jina litakalotafutwa ni lako.

*Karatasi.* Mkataba wa mauziano mbele ya wakili, ukitaja ubovu wote unaoujua na kwamba linauzwa lilivyo. Nakala za vitambulisho. Kisha kubadilisha umiliki TRA. Kama lilinunuliwa kwa mkopo wa benki au wa Mfuko wa Pembejeo na deni halijaisha, anza na mkopeshaji kabla hujamwita mnunuzi yeyote. Na dalali: mpatane kwa maandishi nani anamlipa na kiasi gani, kabla hajaleta mtu.

*Linamfaa nani.* Mwenye ekari chache, mwenye shughuli nyingine mjini asiyeweza kusimamia gereji, na yeyote ambaye vipimo vimeonyesha ubovu sehemu mbili kubwa kwa pamoja, kama injini na giaboksi.

Njia ya tatu: kulichinja

*Pesa.* Jumla ya spea moja moja inaweza kuipita bei ya trekta lilivyo, hata kwa mbali. Lakini vitu vizuri hutoka mwanzoni: tairi za nyuma za 16.9-30 au 18.4-30, pampu ya dizeli, stata, ekseli ya mbele, pampu ya haidroliki, stelingi. Baada ya hapo unabaki na mzoga unaouzwa kwa kilo kwa wanaopeleka chuma viwandani. Giaboksi na difu ziuze zikiwa nzima. Ukianza kutoa gia mojamoja, zilizobaki hazina mteja.

*Muda.* Miezi, pengine zaidi ya mwaka kwa vipande vya mwisho.

*Hatari.* Wizi wa vipande vidogo, nafasi inayokaliwa na mzoga, na oili. Lita zote hizo zikusanywe kwenye madumu. Usimwage kwenye mtaro, maana mitaro ya Dar inaishia mtoni na baharini.

*Karatasi.* Trekta likishakuwa spea, kadi yake isizagae. Futa usajili TRA, la sivyo kadi hiyo inaweza kuvalishwa trekta lisilo na asili. Na kila mnunuzi wa injini au giaboksi mpe risiti yenye namba.

*Linamfaa nani.* Mwenye yadi na kijana wa kukaa dukani. Au, na hapa ndipo njia hii inapong'aa, mwenye matrekta mawili ya modeli moja: lililokufa linakuwa stoo ya lile zima kwa miaka.

Ukiwa kwenye hali hii

Ubovu uko kwenye hedi au gasketi, bloku na krenki ziko sawa, modeli ni ya kawaida: tengeneza, hata kama una ekari chache, kwa sababu trekta zima huuzika vizuri zaidi na gharama yake haikaribii kikomo.

Injini inataka ovaholi kamili, giaboksi nzima, ekari zako zinazidi 100 au unalimia watu: tengeneza, lakini kama mvua ziko ndani ya mwezi mmoja, kodi trekta la msimu huu na utumie muda huo kukereza bila haraka.

Ovaholi kamili, ekari 20 au 30, hela nusu: uza lilivyo, likiwa halijafunguliwa na karatasi ya vipimo ikiwa mkononi.

Bloku imetobolewa na nyumba ya klachi ina ufa: usilichomelee ukauze kama zima. Chinja kama una nafasi na muda, la sivyo uza lilivyo kwa mwenye modeli kama hiyo anayetafuta spea. Huyo hulipa kuliko dalali wa skrepa.

Trekta ni la mtumba la soko la Japani na spea kuu haipo nchini: pata kwanza bei na siku ya kufika kwa maandishi kutoka kwa mwagizaji. Bila hivyo, uza.

Familia bado haijakubaliana: lilinde wakati mnajadili. Hewa ya Pwani ina chumvi na unyevu, na silinda iliyoachwa wazi huota kutu ndani ya siku chache. Mimina vijiko viwili vitatu vya oili safi ya injini kwenye kila tundu la nozo, zungusha krenki taratibu kama inazunguka, kisha rudisha nozo. Funika ekzosi kwa kopo, toa betri uipeleke ndani, inua ekseli juu ya magogo ili tairi zisibebe uzito, na jaza maji safi kwenye rejeta au uyamwage yote, usiache nusu.